Projekta ya simuleta ya gofu nyumbani: anza na tepu ya kupimia

1. Pima upana na kimo cha skrini, yaani kitambaa kinachoonyesha uwanja na ambacho mpira unapigiwa, kisha umbali kutoka skrini hadi mpira. Tuchukue skrini ya 4:3, mita 3 kwa 2.25, na mpira mita 3 kutoka skrini.

2. Chagua mahali pa kuifunga projekta. Ikikaa nyuma ya mchezaji, kivuli chake kinatua kwenye picha. Ikikaa juu yake, fimbo itaigonga. Kwa vipimo hivi pazuri ni darini, mita 1.5 hadi 2.2 kutoka skrini.

3. Tafuta uwiano wa kurusha: umbali gawanya kwa upana wa picha. Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea. Projekta nyingi hutoa picha ya 16:9, na uwiano ulioandikwa na kiwanda unahesabu upana huo wote. Ili ijaze kimo cha mita 2.25, picha nzima inakuwa na upana wa mita 4, si 3. Mita moja ya pembeni inabaki nyeusi. Basi kwa umbali wa mita 2 unahitaji 2 ÷ 4, yaani 0.5. Ya 0.7 itadai mita 2.8, na hapo umerudi kwenye fimbo.

4. Mwanga. Ukikata pembeni hivyo, robo ya mwanga imekwenda: lumeni (kipimo cha mwanga) 4,000 za kwenye boksi zinabaki 3,000. Chumba chenye giza kitatosheka. Taa ya mchezaji iwepo, lakini isimulike skrini.

Maswali

*Mkuu, nikiifunga pembeni nikanyoosha picha iliyopinda kwa kistoni, ile mipangilio ya ndani ya projekta?*
Picha itanyooka, ila kistoni inapoteza pikseli na kufifisha picha. Bora projekta yenye lenzi ya kusogezwa, inayohamisha picha bila kuipinda.

*Zile projekta za kukaa chini, karibu kabisa na skrini?*
Hapana. Mwanga wake hupanda kwa mshazari mkali, hivyo kila mkunjo wa kitambaa unapinda picha. Tena iko kwenye njia ya mpira unaorudi.

*Kwetu umeme unakatika ovyo. Projekta ya taa au ya leza?*
Leza. Ya taa ikizimika ghafla, feni nayo husimama na joto hubaki ndani, taa ikafa mapema. Kama unayo tayari, iwekee UPS (betri ya akiba) ya kuishikilia mpaka uizime na ipoe.

*TV ya inchi 75 je?*
Inafaa ukipiga kwenye wavu. Iweke pembeni, kamwe si nyuma ya wavu: wavu hunyumbuka, na mpira utaifikia.