Jinsi ya kufundisha mabadiliko ya picha ya atomu kwa gololi, playwudi na chumvi

Ukizichora atomu za Dalton, Thomson, Rutherford na Bohr ubaoni kwa mpigo, mwanafunzi atakariri michoro minne basi. Mwonyeshe kipimo kilichoangusha kila mchoro. Vifaa havihitaji maabara. Mtwara au Lindi mjini vyote vipo.

Mwanzo usichukue muda. Kwa Dalton, mwanzoni mwa miaka ya 1800, atomu ni punje isiyogawanyika: shika gololi, inatosha. Mwaka 1897 Thomson akagundua elektroni, chembe yenye chaji hasi, nyepesi kuliko atomu yoyote, kwa hiyo punje ina vitu ndani. Picha yake ni kashata ya korosho: sukari ndiyo chaji chanya iliyotapakaa, vipande vya korosho ndizo elektroni. Bibo usilitumie, korosho yake huning'inia nje.

Kwa Rutherford ndipo pa kukaa. Mwaka 1909, Manchester, Geiger na Marsden walirusha chembe za alfa, zenye chaji chanya, kwenye karatasi nyembamba za metali. Kama atomu ni kashata, zote zingepita zikipinda kidogo tu. Kwenye platinamu, takriban 1 kati ya 8,000 ilirudi ilikotoka. Mwaka 1911 Rutherford akahitimisha kwamba chaji chanya imesongamana kwenye kiini kidogo mno.

Darasa lipime lisichokiona. Kata playwudi sm 70 kwa 60. Chini yake, kulia na kushoto, pigilia mbao za inchi 2 kwa 2, mlango ubaki sm 60. Katikati, chini pia, pigilia kipande cha mbao hiyo cha sm 5 kwa 5, kona ikitazama mlangoni. Wanafunzi wasikione. Mlangoni weka alama 30, kuanzia sm 1, kila baada ya sm 2. Vuteni kikaratasi chenye namba ya alama, kirudisheni, kisha tiririsha gololi ya sm 1.5 kutoka hapo kupitia kipande cha bomba la nyaya kilichoinamishwa. Mara 100. Hesabuni zilizogonga.

Upana wa kipande = 60 × zilizogonga ÷ 100, toa 1.5. Zikigonga 14: 8.4 − 1.5 = sm 6.9. Mshazari wa kipande ni kama sm 7. Ile 1.5 ndiyo husahaulika: gololi hugusa kwa ubavu hata katikati yake ikipita pembeni.

Jibu likienda kombo, angalia haya. Wanafunzi wakijichagulia alama, baada ya mgongano wa kwanza wataanza kulenga, na upana utavimba. Mchanga sakafuni hupotosha gololi, fagia. Mizunguko 20 ni michache mno, kwani mgongano mmoja tu husogeza jibu kwa sm 3. Na waambie wazi: alfa hazikugonga kitu kigumu, zilisukumwa na chaji.

Kipimo halisi kionyeshe ufukweni Shangani, Mtwara, maji yakipwa. Gololi ikiwa kiini cha dhahabu, ukingo wa atomu uko mita 150 kutoka hapo. Watembee.

Atomu hiyo ya Rutherford ina kasoro: elektroni inayozunguka ingepoteza nishati na kuangukia kwenye kiini. Mwaka 1913 Bohr akaiwekea ngazi maalumu za nishati. Nyunyiza chumvi kidogo kwenye mwali wa buluu wa gesi. Rangi ni njano, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 589 hivi, kila mara ile ile, kwa sababu elektroni ya sodiamu hushuka kati ya ngazi zile zile. Koroboi haifai, mwali wake ni wa njano tangu mwanzo.

Hesabu za Bohr zilikubali kwa haidrojeni, zikagoma kwa heliamu yenye elektroni mbili tu. Tangu kazi ya Schrödinger ya 1926, mzingo wa elektroni umegeuka wingu la uwezekano: futa duara ubaoni, tia nukta za chaki, nyingi karibu na kiini. Kiini nacho kilikuwa na deni. Heliamu ina protoni (chembe chanya za kiini) 2 lakini uzito wa karibu protoni 4, na uzito uliobaki ulijulikana 1932, Chadwick alipogundua nyutroni, chembe isiyo na chaji.