Mgonjwa wako amelazwa? Fanya haya kumkinga na makosa ya hospitali

Ukiwa na mtu wodini usikae tu nje kusubiri saa ya kuona wagonjwa. Novemba 2007 pale MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili Dar es Salaam, wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja walichanganywa, wa goti akafunguliwa kichwa na wa kichwa akapasuliwa mguu, na huyu wa kichwa akafariki baadae. 2018 Kenyatta kule Nairobi nao wakafungua kichwa cha mgonjwa ambae sie, wakaja kushtuka wapo ndani hakuna damu iliyoganda waliyokua wanaitafuta. Hizo ni hospitali kubwa zenye mabingwa, kwahiyo usidhani haya mambo ni ya zahanati za vichochoroni tu.

Anza na jina. Majina yote matatu, umri na namba ya faili, kila mtu anaekuja na sindano au kitanda cha kusukuma ayasikie. Nesi akiuliza "wewe ndio Juma?" mgonjwa mwenye homa ataitikia ndio hata kama yeye ni Hamisi, so mzoeshe kujitaja mwenyewe majina kamili, na kama hajitambui wewe ndio mdomo wake. Kama kavalishwa bendi mkononi isome, ikiwa imekosewa ibadilishwe hapohapo sio kesho.

Kama anaenda kupasuliwa hapo ndo usilegee kabisa. WHO walitoa orodha ya vitu 19 vya kuhakiki kwenye upasuaji mwaka 2008, ikajaribiwa hospitali 8 duniani na mojawapo ni ya kwetu Ifakara, vifo vikashuka toka asilimia 1.5 mpaka 0.8. Na vyenyewe ni vitu vya kawaida mno, huyu ni nani, tunapasua wapi, upande upi, ana aleji gani, pamba na vifaa vimehesabiwa kabla hajatolewa chumba cha upasuaji. Muulize dokta kabla hamjasaini ile fomu kama wanaitumia hiyo orodha, na omba sehemu ya kupasuliwa ichorwe kwa peni mgonjwa akiwa macho bado.

Dawa nazo andika kwenye simu zote anazotumia, za presha, za sukari, hata mitishamba ya nyumbani, itajeni bila aibu maana zingine zinagombana na dawa za hospitali. Ana aleji ya penisilini? Sema kila siku, usitegemee kwamba ipo kwenye faili. Mtoto apimwe uzito kabla ya dozi kwasababu dozi yake inapigwa kwa kilo. Ikija sindano au dripu mpya uliza ni dawa gani na ya nini, uliza kwa heshima tu, nesi mmoja usiku anaweza kua na wodi nzima peke yake na makosa mengi yanatoka kwenye uchovu sio roho mbaya, ila uliza.

Damu! Kabla haijaning'inizwa waombe wasome jina na grupu kwenye chupa walinganishe na faili, watu wawili kama wapo. Dakika 15 za mwanzo usitoke kitandani kwake, akianza kutetemeka, homa, maumivu ya mgongo au kiuno au pumzi kubana piga kelele wafunge ile damu mara moja, usisubiri dokta apite raundi.

Zamu zikibadilika mwambie anaeingia hali ya mgonjwa wako, hasa mama aliejifungua na damu bado inamtoka nyingi. Wengi wanapotelea hapo kwenye makabidhiano.

Na ikitokea amefariki na mnahisi kuna uzembe, najua uchungu uliopo na najua wengi tunataka kuzika haraka, ila ombeni uchunguzi wa maiti kabla ya kuzika, kwa maandishi, kwasababu baada ya hapo ushahidi mwingi unaondoka. Andikeni usiku huohuo nani alikua zamu, dawa gani saa ngapi, alilalamika nini. Barua ya kwanza iende kwa mganga mfawidhi, yaani daktari mkuu wa hospitali, mbaki na kopi yenye muhuri wa kupokelewa, wakikaa kimya pelekeni Baraza la Madaktari Tanganyika, au Baraza la Uuguzi na Ukunga kama ni nesi, na kwa walio Kenya ni KMPDC, baraza la madaktari la huko.