Kabla Hujapeleka Mtambo Kwenye Shimo la Almasi

Ukiwa hapa Dar na unataka kufungua shimo la almasi kule Shinyanga, anza na kalenda ya mvua. Leseni utaifuata Tume ya Madini, cheti cha mazingira NEMC, baraza la taifa la mazingira, hayo yanajulikana. Leseni inakupa madini ya chini, haikupi shamba la mtu lililo juu yake. Lipa fidia kabla katapila halijagusa jani. Sampuli zichukuliwe kwa tani, si kwa ndoo: mwamba wa almasi wa Mwadui, hukohuko Shinyanga, ni miongoni mwa mikubwa zaidi ya aina yake duniani, lakini kila tani mia zinatoa karati chache tu.

Sasa nisikilizeni kuhusu pampu za kutoa maji shimoni.

Niliwahi kusimamia usafiri wa mzigo wa wachimbaji wa kati. Ekskaveta ilitangulia, ikachimba kiangazi chote, shimo likafika kina cha mita ishirini. Pampu tuliziagiza mwisho kwa sababu shimo lilikuwa kavu. Zilishuka bandarini Oktoba, namba ya modeli kwenye ankara ikawa tofauti na iliyo kwenye boksi, tukahangaika na makaratasi wiki tatu. Lori lilipotoka Kurasini, kule mvua ilikuwa imeshaanza. Lami haikutusumbua. Zile kilomita kumi na nane za mwisho ni udongo wa mbuga, ule mweusi unaopasuka jua likiwaka na kugeuka uji ukilowa. Lori lilizama hadi ekseli. Huku shimoni kimbalaiti, ule mwamba unaobeba almasi, iliyokuwa imeoza ikanywa maji, ikavimba, ukuta mmoja ukaporomoka usiku. Asubuhi ekskaveta ilionekana mkono tu. Namshukuru Mungu hakukuwa na mtu chini. Vijana arobaini walikaa hadi Mei bila kazi, na wengine walikuwa wameacha mashamba yao bila kulima kwa ajili yetu.

Hata wakubwa njia huwafungia. Mgodi wa almasi wa Diavik, kaskazini mwa Kanada, ulikuwa ukipokea mizigo yake mizito kwa barabara ya barafu juu ya maziwa yaliyoganda, kwa takriban miezi miwili tu kwa mwaka. Mwaka 2006 baridi ilikuwa hafifu, barabara ikafungwa mapema, mizigo iliyobaki ikabidi ipelekwe kwa ndege. Ninyi ndege hamna. Pampu ziwe shimoni, zimewashwa na kujaribiwa, kabla ya Oktoba.

Bwawa la tope linalobaki baada ya kuosha mawe ya almasi lisijengwe kwa kubahatisha. Novemba 2022 ukingo wa bwawa la Mwadui ulipasuka, tope likafunika mashamba na nyumba za watu.

Kuta za shimo zikatwe kwa ngazi. Dizeli ya akiba, dawa za malaria, namba ya mwenye trekta kijijini, vyote viwepo mapema. Na muulizeni mzee wa pale maji ya masika hupita wapi, kisha ndipo mchore shimo.