Kupima uwiano wa difu bila kuifungua

Gari likivuta vizuri mlimani lakini injini inalia kwenye tambarare, kabla ya kulaumu injini pima difu, yaani gia za ekseli ya nyuma zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu. Namna hii ni ya gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma.

1. Elewa hesabu. Pinioni (gia ndogo ya difu) yenye meno 10 ikizungusha krauni (gia kubwa) yenye meno 41, difu ni 4.1: propela shafti, mhimili unaotoka giaboksi hadi difu, huzunguka mara 4.1 gurudumu likizunguka mara moja. Namba ya gia ya giaboksi huzidishwa kwa namba hiyo ya difu. Gia ya kwanza ikiwa 3.6, jumla ni 14.76, injini inazunguka karibu mara 15 kwa mzunguko mmoja wa tairi. Nguvu nyingi, mbio kidogo.

2. Zuia magurudumu ya mbele kwa kabari mbele na nyuma, weka nyutro, achia hendibreki. Tumia stendi. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

3. Hesabu mizunguko. Hatua hii ndiyo hula muda. Ukiinua magurudumu yote mawili ya nyuma kwenye difu ya kawaida, unazungusha moja na la pili linarudi kinyume, propela imetulia, na namba unayoipata haina maana. Inua moja tu, lingine libaki chini. Sasa gurudumu la juu likizunguka mara mbili, krauni inazunguka mara moja. Kwa hiyo zungusha mara 20 ukihesabu mizunguko ya propela, kisha gawa kwa 10. Mizunguko 41 ni 4.1, 39 ni 3.9. Ukizungusha mara mbili tu, tofauti hiyo ni ndogo na ni rahisi kuikosea. Chora alama za chaki kwenye tairi na kwenye propela. Mimi naamini chaki kuliko kibati cha difu kilichoandikwa uwiano wake, kwa sababu difu huweza kubadilishwa na kibati kikabaki. Difu ikiwa imefungwa, magurudumu yakienda pamoja, inua yote mawili, zungusha mara 10, gawa kwa 10.

4. Linganisha mwendo. Injini ikiwa mizunguko 3000 kwa dakika, gia ya tano 0.85, mzingo wa tairi mita 2: difu ya 4.1 inakupa kama kilomita 103 kwa saa, ya 3.7 kama 114.

Kwa gari la 4x4, ukibadilisha difu ya nyuma badilisha na ya mbele, uwiano ule ule.