SOMO: Kupima tetemeko la zamani kwa makaratasi ya zamani

Wadau habarini, wengi mmeniuliza pembeni kuhusu hili, naliweka hapa wote msome.

Hatua ya 1. Chagua tetemeko lenye tarehe. Tuchukue la Rukwa, 13 Desemba 1910, ukubwa kama 7.4, karne nzima iliyopita Afrika Mashariki halikutokea kubwa kama hilo. Ukubwa ni namba moja tu. Sisi tunatafuta ukali, yaani lilitikisaje Tanga, Bagamoyo, na kule Bismarckburg (ndio Kasanga ya leo), na ukali kila mahali una namba yake.

Hatua ya 2. Hapa ndio kazi ilipo. Kabla hujasoma jua nani alikuwa anaandika na alikaa wapi. Tanga tuna bahati, gazeti la Kiongozi lilichapwa hapahapa kwa Kiswahili tangu 1904, tena kulikuwa na Usambara-Post la Kijerumani, na Dar Deutsch-Ostafrikanische Zeitung. Bagamoyo mapadre wa Roho Mtakatifu wapo tangu 1868 na walikuwa na shajara ya misheni. Kwenye ya Kijerumani tafuta neno Erdbeben (tetemeko la ardhi), ila zile herufi za kizamani s inafanana na f, macho yatakuuma.

Hatua ya 3. Nakili maneno ya mwandishi yalivyo, usiyapambe. Mahali, saa, watu walifanya nini, vitu vilifanya nini, nyumba ikawaje.

Hatua ya 4. Kipe kila mahali daraja la ukali, 1 mpaka 12. Taa ya kuning'inia imebembea sana na wengi waliolala wameamka, hiyo 5. Watu wametoka mbio nje na plasta imepata nyufa ndogondogo, 6. Nyumba zikianguka uliza kwanza za nini, maana ya udongo kuanguka sio sawa na ya zege.

Hatua ya 5. Weka namba kwenye ramani, basi.

MASWALI

Mdau wa Bagamoyo: Mkuu, shajara siku hiyo haina kitu, niweke 1?
Jibu: Hapana ndugu yangu. Kama aliandika mvua na wageni ila tetemeko hakutaja, weka "halikutajwa". Kama hakuandika chochote, acha wazi.

Binti Pangani: Shikamoo kaka, na barua zenye tarehe za Kiislamu?
Jibu: Marahaba. Tumia jedwali, halafu acha siku moja mbele na nyuma kwa ajili ya mwandamo. Hilo la Rukwa linaangukia 10 Mfunguo Tatu 1328, Idd kubwa hiyo! Kwahiyo mzee akikwambia babu yake alisimulia ardhi ilitikisika siku za Idd, mwandike, ila daraja usimpe mpaka upate karatasi. Na saa pia, Mjerumani akiandika saa 2 mchana ni saa nane yetu.

Mdau wa Bagamoyo: Na nyufa za zile nyumba za matumbawe Mji Mkongwe?
Jibu: Chumvi, mvua, mizizi ya miti, vyote vinapasua ukuta. Ufa chukua ule tu ulioandikwa wiki ileile.