Jinsi ya Kuangamiza Kundi Moja la Limfosaiti kwa Antijeni Nururifu

Mantiki ya jaribio hili ni fupi. Ikiwa kila limfosaiti B, yaani seli nyeupe ya damu inayotengeneza kingamwili, hubeba vipokezi vya aina moja tu, basi antijeni (kitu kinachotambuliwa na kinga ya mwili) iliyofungwa atomu za iodini-125, aina nururifu ya iodini, itanaswa na seli chache zinazoitambua, na mionzi itaziua hizo huku jirani zake zikibaki hai. Mwanasayansi wa kinga Macfarlane Burnet alikuwa amependekeza mwaka 1957 kwamba kila seli huzaliwa na utambuzi wake. Mwaka 1969 Gordon Ada na Pauline Byrt, wakifanya kazi Melbourne, Australia, waliipima hoja hiyo kwa seli za panya na flajelini, protini inayounda mikia ya bakteria. Maelezo yafuatayo yanamhusu mtu aliye katika maabara yenye kibali cha kushika vitu nururifu na cha kutumia wanyama.

Anza kwa kuchagua antijeni mbili, si moja. Ya kwanza utaitia iodini. Ya pili, isiyofanana nayo kwa kingamwili, itakuwa shahidi wako. Ukitia iodini kwa kemikali iitwayo kloramini-T, iodini hushikamana hasa na tairosini (moja ya asidi amino) za protini, na mmenyuko husimamishwa upesi kwa kemikali nyingine, metabisulfiti ya sodiamu, kabla protini haijaharibika. Pitisha mchanganyiko kwenye safu ya kuchuja: protini hutoka mwanzo, iodini huru hufuata. Kazi hii ifanyike ndani ya kabati la kuvuta hewa, kwa glavu mbili, kwa sababu iodini huru huruka hewani na ikivutwa hukusanyika kwenye tezi ya thairoidi. Shingo ya kila mhusika ipimwe baadaye.

Usiione iodini-125 kuwa kali kupita ilivyo. Nusumaisha yake, muda ambao nusu ya atomu huoza, ni siku 60 hivi, yaani kwa siku nzima ni takriban asilimia 1.2 tu ya atomu zinazooza. Seli iliyonasa atomu 10,000 hupata mioozo kama 5 kwa saa, na kwa saa 12 hupata karibu 60. Ndiyo maana antijeni yenye iodini hafifu haitaua chochote, hata ukiimwaga kwa wingi, na ndiyo maana seli huachwa na mzigo wao kwa saa nyingi. Kinachosaidia ni kwamba elektroni zinazotoka husafiri umbali mfupi sana, na kiini cha limfosaiti hujaza karibu seli nzima, hivyo kilichoshikwa juu ya utando hakiko mbali na DNA, wakati seli ya pembeni hupata kidogo mno.

Changanya seli za wengu na antijeni juu ya barafu, pamoja na azidi ya sodiamu kidogo, kemikali inayozuia seli kutumia nishati. Katika joto seli humeza kipokezi pamoja na antijeni, huivunja na kuitema iodini nje. Baridi huzizuia seli zisifanye hivyo. Kisha osha: zungusha kwenye sentrifuji, mwaga maji ya juu, ongeza maji mapya ya chumvi yaliyo baridi, rudia. Pima kila maji unayomwaga. Kipimo cha kwanza kitakuwa kikubwa mno, cha pili kitashuka sana, na ukifika mahali ambapo hakishuki tena, umeondoa ile antijeni inayoelea. Wengi huharakisha hatua hii, kisha hushangaa seli zote zikidhoofika.

Seli zilizooshwa, baada ya kukaa kwenye baridi, hudungwa ndani ya panya wa ukoo uleule ambao limfosaiti zao zimeuawa kwa mionzi. Wape antijeni zote mbili, zisizo na iodini, na siku chache baadaye pima kingamwili za kila moja. Usisubiri majuma mengi, kwani limfosaiti mpya huzaliwa kutoka kwenye uboho na kuziba pengo uliloliona.

Hapa ndipo jaribio hujengwa au hubomoka. Kukosekana kwa kingamwili dhidi ya antijeni ya kwanza hakusemi lolote ikiwa ya pili nayo imeshuka: umechoma seli zote. Kundi lingine la seli lipewe antijeni ileile isiyo na iodini, kwa kiasi kilekile, kwa kuwa antijeni yenyewe inaweza kuzituliza seli bila kuziua. Kundi la tatu litanguliziwe antijeni isiyo na iodini kwa wingi kabla ya ile nururifu. Vipokezi vikishajaa, seli zinapaswa kuokoka, na zisipookoka, antijeni yako inashikamana ovyo. Kundi hili la tatu ndilo ninaloliamini kuliko mengine.

Zingatia pia kwamba antijeni nyingi zinahitaji msaada wa seli T, aina nyingine ya limfosaiti, ambazo kwa kawaida hutambua vipande vya protini vinavyoonyeshwa na seli nyingine. Kabla ya kutamka ni seli gani iliyokufa, waongezee baadhi ya panya seli T nzima, wengine seli B, kisha uone ni kundi gani linalorudisha kingamwili.