Hakikisha kitalu chako kabla ya kulipia safari ya uwindaji
Kabla ya kulipia safari ya uwindaji kusini mwa Tanzania, hakikisha kuwa kitalu chako, yaani eneo lililotengwa kwa uwindaji, kiko ndani ya Pori la Akiba Selous, wala si katika Hifadhi ya Taifa Nyerere iliyomegwa kutoka pori hilo mwaka 2019, kwa sababu ndani ya hifadhi za taifa uwindaji wa kitalii hauruhusiwi kabisa. Ramani za zamani huonyesha eneo lote kuwa Selous. Kwa hiyo omba jina la kitalu kwa maandishi, kisha ulithibitishe kwa TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Na tafadhali usidharau mavazi: mbung'o huvutwa na nguo nyeusi na za buluu, na hung'ata kupitia shati jepesi, hivyo chukua kaki nzito yenye mikono mirefu.